Shule Isiyo na Uwanja

Shule ya Nuru Njema niliichagua kwa sababu haikuwa na uwanja. Akina mama wengine wa Mukuru kwa Njenga walikuwa wakitafuta shule yenye walimu wazuri, yenye choo, yenye madawati. Mimi nilizunguka nikitafuta shule ambayo mtoto hana pa kukimbilia hata akitaka. Nikaipata. Upande mmoja ukuta wa kiwanda, upande wa pili mtaro wa maji machafu, upande wa tatu vyumba vya kupanga vimebanana, na nyuma ya madarasa hapatoshi kuanika shuka mbili. Nilisimama pale getini nikasema, Mungu ni mwema.

Hedimasta, Bwana Kiarie, alinipokea vizuri. Nikamwuliza, "Na ile saa ya mazoezi, ile P.E., huwa mnafundisha?"

Akadhani nimekuja kulalamika. Akajikuna shingo. "Mama, nisikudanganye. Kwenye ratiba ipo. Lakini ile saa sisi tunaifanya Hisabati. Mtihani wa darasa la nane hauulizi mtoto anaruka kamba namna gani."

"Vizuri sana, mwalimu," nikasema, na nilikuwa karibu kumkumbatia mwanamume wa watu.

Usinicheke, subiri nikwambie. Mwanangu Shiundu ana ugonjwa wa damu unaoitwa sikoseli. Alizaliwa nao. Daktari alinieleza kwamba chembe za damu yake hujikunja kama mundu, na akipigwa na baridi, au akikosa maji ya kutosha mwilini, au akijichosha kupita kiasi, zinakwama kwenye mishipa. Hapo anapatwa na maumivu ambayo mimi niliyezaa mara mbili siyajui. Ndiyo, mara mbili. Wa kwanza tulimzika nyumbani Kakamega kabla hajajua kuniita mama. Kwa hivyo huyu nilimlinda kama mboni ya jicho. Kidonge cha njano kila asubuhi, maji, sweta juu ya sweta, na asikimbie. Hasa asikimbie.

Tulipokuwa tukiishi Dandora nilifanya kosa la kusema ukweli. Nilimwambia mwalimu wake, tena kwa siri, nikamshika mkono. Kesho yake akatangaza darasani kwamba asiyetaka matatizo asimguse Shiundu. Akamkalisha peke yake karibu na mlango. Watoto ni watoto. Wakampa jina la Marehemu. Mtoto wa miaka minane, anaenda kununua chumvi dukani, anaitwa na wenzake, "Wee Marehemu, niaje!" Halafu mwalimu mkuu akaniita akaniambia nimchukue mtoto hadi apone, kwa sababu hataki kifo shuleni mwake. Hadi apone! Ugonjwa huu hauponi. Nilitoka pale, nikamwambia baba yake tuhame, na nikaapa kwamba Mukuru hatajua mtu.

Najua wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga hawakukaa ploti. Hawakupanga chumba ambacho ukuta wake ni bati moja tu, na upande wa pili wa hilo bati yuko Muhonja.

Muhonja, Mama Triza, aliuza sukuma wiki karibu na kibanda changu cha chai na mandazi, mkabala na geti la kiwanda. Mdomo wake haukuwa na breki. Kijiko kikianguka kwangu, yeye kwake anauliza nimevunja nini. Alijua nani kwenye ploti amepigwa na mumewe, nani amenunua nyama, nani hakununua. Na wimbo wake mkubwa ulikuwa bintiye. "Triza wangu? Huyo hata kukohoa hajui. Damu ya kwetu Maragoli ni nzito." Nilikuwa nikimsikia nameza mate machungu. Triza na Shiundu walikuwa darasa moja, la tano. Ningefungua mdomo kwa huyo mwanamke, ingefika Kiamaiko kwa wachinja mbuzi kabla jua halijatua.

Basi nilikaa na siri yangu na shule yangu isiyo na uwanja, nikapumua.

Muhula wa pili wa mwaka wa tisini na sita akaja Madam Wakiuru. Msichana mwembamba wa kutoka Murang'a, amemaliza chuo cha walimu juzi tu, bado anaamini kila alichofundishwa. Wiki yake ya kwanza aliangalia ratiba, akaona P.E. Jumatano alasiri, akauliza uwanja uko wapi. Walimu wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akazunguka viwanda kwa miguu, geti kwa geti, hadi akapata soja mmoja wa godauni, mzee Phares, aliyekubali kuwafungulia watoto yadi ya malori kila Jumatano malori yakiwa yametoka kwenda kazini.

Shiundu alikuja mbio kibandani akinipigia kelele. "Mama! Tumepata uwanja! Madam ametuonyesha kufunga mpira wa karatasi za nailoni na kamba, na tumekimbia raundi!"

"Umekimbia?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, mama."

Nilikuwa nikikaanga mandazi. Yaliungua sufuria nzima, nami nimesimama nikiyatazama. Usiku huo nilimpapasa mtoto miguu, mikono, paji la uso. Hakuwa na joto. Alikuwa akitabasamu usingizini, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Tangu hapo Jumatano ikawa ugonjwa wangu mimi. Kuanzia Jumanne jioni sili, nikiongeleshwa nauma. Nilimwambia Shiundu aseme tumbo linamuuma. Akasema sawa, halafu jioni nikaona magoti yake yana vumbi la yadi. Nilificha raba zake juu ya kabati. Akaenda miguu mitupu, kwenye yadi yenye misumari na vipande vya chupa! Nilimchapa, halafu nikamkumbatia, halafu nikamkaripia tena. Akaniambia, "Mama, kila mtu anakimbia. Mimi tu ndiye nishike mashati ya wenzangu?" Nikamwambia ndiyo, ashike mashati. Na chunga sana, nikamwambia, usije ukamwambia mtu kwa nini. Hata madam. Umesahau Dandora?

Hakuwa amesahau Dandora. Aliinamisha kichwa.

Nilipoona mtoto hashikiki, nikaamua kuivunja P.E. yenyewe. Nikaanza kuwapanga akina mama. Haikuwa kazi ngumu, kila mmoja alikuwa na lake. Viatu vinakatika. Yunifomu zinachanika, na ni hiyo moja tu anayo. Wasichana wanafungaje sketi zao mbele ya makanga na madereva? Na la chakula ndilo lililowachoma zaidi. "Mtoto akikimbia saa nane," nikawaambia, "ule ugali wa mchana unakwisha tumboni saa tisa. Nani atampikia mwingine?" Wakaitikia, kweli kabisa, Mama Shiundu.

Lakini aliyeniunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Muhonja. Nilishangaa. Mimi na Muhonja, nikisema huu ni mwiko, yeye husema ni upawa. Siku hiyo alipiga makofi, akafunga leso kiunoni, akasema twende kwa hedimasta sasa hivi. Nikasema moyoni, leo jua litatokea magharibi.

Bwana Kiarie alitusikiliza, akatazama chini. Ilionekana wazi kwamba angependa kurudia Hisabati yake. Lakini Madam Wakiuru aliitwa, naye hakuogopa kundi la wanawake.

"Wazazi wangu," akasema, "watoto hawa wanakaa sita kwenye dawati la watatu tangu asubuhi. Wanasinzia. Kuna mvulana darasa langu asiyeweza kudaka mpira, hajawahi kurushiwa. Wakitoka hapa wanaenda kucheza barabarani na malori. Mnataka wacheze wapi?" Halafu akapunguza sauti. "Kama kuna mtoto mwenye shida ya kiafya, mzazi aniambie. Simfukuzi. Nitampangia mazoezi yake. Kuna mtoto kama huyo?"

Alitutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu nilihisi Dandora yote imesimama nyuma yangu ikinivuta leso. Ningeweza kusema. Palikuwa na nafasi kabisa.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna," Muhonja akadakia. "Wangu ni buheri wa afya."

Basi ikabaki ni maneno ya viatu na ugali, na hedimasta akasema mkaguzi huenda akaja muhula huu, afadhali akute P.E. inafundishwa. Tukatawanyika. Nilimchukia yule msichana kwa jinsi alivyoniangalia kwa upole.

Julai ikaingia, na unaijua Julai ya Nairobi. Jua halionekani, manyunyu yanaanguka tangu alfajiri, baridi inaingia kwenye bati na kulala nawe. Jumatano hiyo nilimwambia Shiundu, leo huendi shule kabisa. Baba yake, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, akasema kutoka kitandani, "Asenath, utamfungia mtoto mpaka lini?" Nikamjibu jibu ambalo sitalirudia hapa. Tulipokuwa tukijibizana, mtoto akachukua mkoba akaenda.

Sikuuza kitu siku hiyo. Niliwapa watu chai bila sukari, wakarudisha. Nilitia chumvi kwenye unga mara mbili. Kila mara natazama njia ya shule, kisha wingu, kisha njia. Nilijiambia, mvua ikizidi hawatatoka. Mvua haikuzidi. Ilibaki vilevile, manyunyu ya kipumbavu ambayo hayamzuii mtu lakini yanamlowesha. Saa nane ikapita. Nikaanza kuomba, na maombi yenyewe hayakuwa na adabu. Nilimwambia Mungu, wewe ulichukua mmoja nikanyamaza, huyu ukimgusa sitanyamaza.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipotokea upande wa magodauni, ameshika kichwa. "Mtoto wa Nuru Njema ameanguka yadini! Analia vibaya!"

Sikuuliza ni nani. Niliacha mafuta motoni, nikakimbia. Nilikimbia na malapa, moja likabaki kwenye matope, nikakimbia na moja. Niliruka mtaro ambao kila siku nauzunguka. Nyuma yangu nilisikia mtu mwingine akikimbia na kuhema, sikugeuka. Kichwani mlikuwa na neno moja tu, nimemuua, nimemuua kwa mdomo wangu mwenyewe.

Yadi ilikuwa imejaa watoto waliosimama duara. Niliwasukuma kama ng'ombe. Wa kwanza niliyemwona alikuwa Shiundu, amesimama, mzima, machozi yanamtoka lakini mzima. Nilishukuru Mungu kwamba aliyeanguka ni wa mwenzangu. Hivyo ndivyo nilivyohisi na sitadanganya.

Chini pale alikuwa Triza.

Alikuwa amelala ubavu kwenye saruji yenye maji, amekumbatia miguu yake. Madam Wakiuru, uso mweupe kama unga, alikuwa amepiga magoti akijaribu kumnyoosha mguu. "Ni msuli umekaza," alikuwa akisema, "nyoosha, Triza, nyoosha kidogo." Na mzee Phares alikuwa ameshika ndoo. Ndoo moja alishammwagia, maana nguo za mtoto zilikuwa zinachuruzika. Sisi ndivyo tunavyojua. Mtu akianguka, mmwagie maji baridi, azinduke. Sasa alikuwa amejaza ya pili.

Mtoto akalia. Kilio cha mtoto aliyeanguka nakijua, na cha mwenye njaa nakijua, na cha msuli pia. Hiki hakikuwa hivyo. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika pumzi, kikaanza tena. Kilio hicho nimekipakata usiku mara ngapi! Nikainama nikamtazama macho. Yalikuwa manjano.

Shiundu alinishika mkono. "Mama," akaninong'oneza, "ni kama yangu."

Nilimfinya. Mungu anisamehe, nilimfinya mkono ili anyamaze, pale pale mtoto mwingine akijinyonganyonga miguuni petu. Ningesema kitu, wangeniuliza nimejuaje. Hedimasta alikuwa anaingia getini. Darasa zima lilikuwa pale. Nikaona kiti cha peke yake karibu na mlango, nikasikia lile jina.

Phares akainua ndoo.

"Usimmwagie!" Nilipiga kelele mpaka nikajishtua. Niliipiga ile ndoo teke. Nikavua sweta yangu, nikamfunika, nikafungua leso nikamzungushia miguu. "Madam, achana na huo mguu. Usimnyooshe. Vueni masweta, leteni masweta yote! Nani ana chai? Kitu chochote cha moto anywe!"

"Kwani wewe ni daktari?" Phares akaniuliza, suruali yake imelowa.

Kabla sijamjibu, aliyekuwa akikimbia nyuma yangu akafika. Muhonja. Alianguka juu ya mtoto wake, akamkumbatia. Akaanza kumfikicha miguu taratibu, kuelekea juu, taratibu, kwa viganja. Nilimwangalia ile mikono. Hakuna aliyemfundisha hapo. Mikono ile ilikuwa imeshafanya kazi hiyo mara nyingi.

"Ana nini, mama?" hedimasta akauliza. "Ana ugonjwa gani?"

"Hana ugonjwa," Muhonja akasema bila kuinua uso. "Ni baridi tu. Nampeleka nyumbani."

Kulikuwa na lori limeingia wakati huo, na dereva wake alikuwa tayari kutupeleka hospitalini. Madam akamsihi. Muhonja akatikisa kichwa. "Nimesema nyumbani! Mtoto ni wangu au wenu?"

Nilichuchumaa mbele yake. "Mama Triza. Macho yake ni manjano. Hili si la nyumbani."

Akanitazama, na macho yake yalikuwa ya paka aliyebanwa pembeni. "Wewe unajua nini? Nani amekutuma kwenye mambo ya watu? Mtoto wangu hajawahi hata kukohoa!"

Triza akalia tena, safari hii kidogo, kama mtu anayechoka. Hicho kidogo ndicho kinachotisha. Wa kwangu wa kwanza alimaliza hivyo.

Nikasimama. Nilimtafuta Shiundu kwa macho, nikampata, naye akanitazama, na nadhani alijua. Nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, hedimasta, soja, dereva na darasa la tano lote.

"Najua kwa sababu wangu anao. Shiundu wangu ana sikoseli. Amezaliwa nao. Niliwadanganya wote. Mwalimu aliniuliza mbele yenu nikasema hakuna, na nilikuwa nadanganya. Sasa mmesikia. Mama Triza, si wewe peke yako. Panda lori."

Muhonja alibaki mdomo wazi, mwanamke yule asiyewahi kukosa neno.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Nimesema, tangu kuzaliwa."

"Na mimi niko hapo ukutani?"

"Na wewe uko hapo ukutani."

Akaanza kulia. Akamgeukia dereva. "Mwambie daktari ni sikoseli," akasema, kana kwamba dereva ndiye atakayemtibu. "Ana sikoseli. Msimpe dawa nyingine, mwambieni ni sikoseli."

Tulipanda mbele, mimi, yeye, na mtoto magotini petu sote wawili. Mashimo ya barabara ya viwandani! Kila shimo Triza analia, na Muhonja ananishika paja mpaka kucha zinaingia. Tulipofika barabara kuu akaniambia, bila kunitazama, "Umemtangaza mwanangu."

"Nimemtangaza wangu kwanza."

"Ile shule nilimtafutia mimi, Mama Shiundu. Nilizunguka Mukuru yote. Niliichukua kwa sababu haikuwa na uwanja."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, kilinitoka tu, na mara nikaona nalia, na dereva akawasha taa zake mchana na kuongeza mwendo.

Triza alilazwa. Alitiwa maji na damu, akachelewa kupata nafuu, lakini akapata. Na mimi nikarudi nyumbani kwa mwanangu, ambaye hakutaka kuongea nami. Shuleni watoto walikuwa wameshaanza. Mmoja alimwuliza itamuua lini. Mwingine alihama dawati. Hakulia, hakulalamika, alikula ugali wake akitazama ukuta. Siku ya tatu ndipo aliponiuliza.

"Mama, kwa nini uliniambia nisiseme, halafu ukasema wewe?"

Nilikuwa na majibu mengi. Yote niliyajaribu kichwani, na yote yalinihusu mimi. Nikamwambia sijui. Akasema sawa.

Bwana Kiarie aliniita, nami nikaenda nimefunga leso vizuri, tayari kwa vita, kwa maana nilijua atakaloniambia. Na kweli alianza hivyo hivyo. Kwamba anaonelea watoto wale wawili wapumzike nyumbani kwanza, ama P.E. ifutwe, mambo yarudi kama zamani. Madam Wakiuru alikuwa amekaa kando. Tangu siku ile alikuwa amekonda zaidi. Nilidhani atakubali.

"Nilimnyoosha mguu," akasema. "Alikuwa analia, nami namnyoosha. Ngai! Ningejua, singefanya hivyo. Mkiwatoa hawa, wazazi wengine watafanya nini? Watanificha, na mimi nitanyoosha mwingine." Akanigeukia. "Mama Shiundu, nifundishe. Siku ya baridi nifanye nini? Anywe maji mara ngapi? Na Jumatano njoo ukae pale yadini, unione."

Tulibishana mpaka kengele ya kutoka. Hedimasta akachoka kabla yetu. Akasema sawa, lakini mzazi awepo, na manyunyu yakianguka hakuna kutoka.

Jumatano ya kwanza ya Agosti kulikuwa na jua, kijijua tu. Nilibeba chupa ya chai na galoni ya maji. Nilikuta Muhonja ameshafika, amekaa kwenye kreti ya soda karibu na geti la yadi. Tangu hospitalini hatukuwa tumesemezana isipokuwa salamu. Akasogea kidogo. Nikakaa. Triza, ambaye alikuwa bado mnyonge, alikuwa amefungwa masweta, amepewa filimbi ya madam, na alikuwa akiipuliza hata pasipohitajika.

Watoto wakakimbia. Shiundu alikuwa wa mwisho, mbali nyuma ya wenzake, kwa mwendo wa mtu aliyetumwa kuazima chumvi. Mpango wetu na madam ulikuwa raundi moja, kisha maji, kisha akae. Nilihesabu pumzi zake kwa mbali, upuuzi mtupu, huwezi kuhesabu pumzi za mtu aliye ng'ambo ya yadi. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Muhonja akanivuta sketi. Mmoja wa wavulana alipompita Shiundu kwa mara ya pili akamsukuma bega kwa mchezo, kama wanavyosukumana wao kwa wao, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mtoto alikuwa bado anakuja.

Alifika. Akanywa maji, yote, kidevu kimelowa. Nikamshika mkono, ulikuwa na joto la kawaida. Nikamtazama macho, meupe. Akahema, akasubiri, hakukaa.

"Madam," akasema, "naweza kuongeza nyingine? Ya kutembea na kukimbia?"

Madam Wakiuru alinitazama mimi. Muhonja naye akanishika mkono kwa nguvu, akaninong'oneza, "Mkataze. Mkataze, Mama Shiundu, imetosha."

Nilifungua mdomo kumkataza. Haki ya Mungu, neno lilikuwa ulimini. Lakini mtoto hakuwa akimtazama madam tena. Alikuwa akinitazama mimi, na niliona kwamba ameshalijua jibu langu, na ameshaanza kutafuta pa kukaa.

"Nenda," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. "Polepole. Nenda."

Akaondoka kabla sijabadili nia.